Wati, Volti na Uniti: Kabla Hujanunua Sola Maparoni

Ukivuka kwenda Kibiti kununua sola, muuzaji atakutajia wati kwanza: hii ya mia, hii ya hamsini. Usiishie hapo. Wati hueleza kasi ya kuzalisha au kutumia umeme, lakini haisemi kwa muda gani. Kitakachokuonyesha kama taa zitafika alfajiri ni wati-saa: wati zidisha kwa saa.

Taa 3 za wati 5 zikiwaka saa 5 hula wati-saa 75. Runinga ya wati 30 kwa saa 4, 120. Feni ya wati 15 kwa saa 8 za usiku, 120. Jumla 315. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali huleta 500 kwenye karatasi. Toa joto, vumbi na kinachopotea njiani, kadiria 350. Inatosha. Masika ni habari nyingine.

Sasa unataka friza ya kuhifadhia kamba. Ya wati 100, mota ikinguruma saa 10 kwa siku, inahitaji wati-saa 1,000, yaani kilowati-saa 1. Hiyo ndiyo uniti 1 ya LUKU. Paneli moja ya wati 100 haiiwezi, hata muuzaji aape. (Zile megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere, upande wa juu wa mto wetu huuhuu wa Rufiji, ni kipimo hichohicho cha wati: mitambo 9, kila mmoja wati milioni 235.)

Betri huandikwa volti na ampea-saa. Ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ila betri ya asidi usiinyonye kupita nusu. Hesabu 600.

Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa umeme unaopita wayani. Ukizizidisha unapata wati. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Kwa volti 230 za TANESCO hazifiki hata theluthi ya ampea moja. Ndiyo maana sola hudai waya mnene: mwembamba, ukivutwa mbali hadi jiko la nje, hupata moto na taa hufifia. Volti 12 hazikurushi, lakini nyaya za betri zikigusana zinaweza kuwasha makuti. Volti 230 za inveta huua sawa na za nguzoni.

Upepo wa chumvi hula nyaya upesi. Kila mwezi fungua vichwa vya betri, waya hasi kwanza, futa kutu, kaza tena, kisha paka grisi.