SHANTA YA HATARI: Namna ya Kuichagua na Kuipanga Kabla ya Mvua Kuanza

Somo kwa wakulima wa skimu za Thika na Ruiru

Wakulima wa Thika na Ruiru, mwajua kwamba nchi yenu ni nchi ya mito. Mto Chania na Mto Thika hukutana karibu na Blue Post, unapoingia mjini Thika. Mto Ruiru hupita kando ya mji wa Ruiru, na maji yake huishia katika Mto Athi. Mito hii hutoka juu, upande wa milima ya Nyandarua, ambako mvua yaweza kunyesha usiku kucha hali kwenu hakuna hata tone moja. Kwa hiyo mto waweza kujaa huku jua likiwaka shambani kwako.

Tena kuna mabwawa. Juu ya Mto Thika kuna Bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, linalowapa maji watu wa Nairobi. Na katika mashamba makubwa ya kahawa kuna mabwawa madogo ya kunyunyizia maji. Bwawa ni kitu chema, lakini imempasa kila mtu anayelala chini yake ajue atakwenda wapi likipasuka.

Mambo haya si hadithi. Tarehe 9 Mei 2018, wakati wa usiku, bwawa la shamba moja huko Solai, katika kaunti ya Nakuru, lilipasuka, na watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya kucha, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli huko Old Kijabe yalijifungulia njia, yakawashukia watu wa Mai Mahiu wakiwa wamelala. Katika mvua ndefu za mwaka huo karibu watu 300 walikufa Kenya nzima. Tarehe 2 Mei 2024 serikali iliamuru watu waliokaa karibu na mabwawa 178, katika kaunti 33, wahame kwa muda wa saa 24.

Saa 24 zamtosha mtu aliyejitayarisha. Kwa mtu ambaye bado anatafuta kitambulisho chini ya godoro, hazitoshi. Na mara nyingine hutapewa hata saa moja.

KAZI YA SHANTA NI NINI?

Shanta ni mfuko wa kubebwa mgongoni, kama ule waliobeba askari wa K.A.R., na kama ule watoto wanaobebea vitabu siku hizi. Shanta ya hatari ina kazi moja tu: kukufanya usirudi nyumbani.

Mtu akikimbia mikono mitupu hufika kilimani salama, kisha hukumbuka. Hukumbuka hati ya shamba, au dawa za mama, au blanketi la mtoto. Basi hurudi. Hapo ndipo maji humkuta. Lakini kama vitu hivyo viko mgongoni mwake, hana sababu ya kurudi. Kwa hiyo, unapopanga shanta yako, jiulize swali hili kwa kila kitu: "Nikikiacha hiki, je, nitataka kurudi?"

Kwa nini mgongoni, na si katika sanduku au gari? Kwa sababu chini ya Thika, kuelekea Juja na Ngoliba, kuna udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, gari na pikipiki hukwama. Utakwenda kwa miguu, usiku, katika utelezi. Mkono mmoja utamshika mtoto, na mkono mwingine utashika fimbo.

NAMNA YA KUCHAGUA

Unapokwenda sokoni, usichague kwa uzuri wa picha. Angalia mambo haya matano:

1. Mikanda ya mabega iwe miwili, tena mipana. Mkanda mwembamba hukata bega kabla hujamaliza maili moja.
2. Vuta mahali mkanda uliposhonwa. Uzi ukianza kuachia pale dukani, utakatika njiani.
3. Kitambaa kiwe kigumu, kama turubai.
4. Shanta isiwe kubwa kupita mgongo wako. Mfuko mkubwa humshawishi mwenyewe aujaze.
5. Rangi yake ionekane kwa mbali, kama nyekundu au manjano, ili wanaookoa watu wakuone.

Kama huna pesa za kununua, tengeneza mwenyewe. Twaa gunia imara lililo safi. Tia jiwe dogo la mviringo, au gunzi la mahindi, katika kila pembe ya chini. Twaa kamba ya mkonge yenye urefu wa hatua tatu hivi. Funga mdomo wa gunia kwa sehemu ya katikati ya kamba. Kisha shusha ncha mbili za kamba, uzifunge kila moja nyuma ya jiwe la pembe yake, ili isichomoke. Sasa unayo mikanda miwili ya mabega. Izungushie vitambaa vya zamani isikukate. Shanta hii haina gharama, na yafaa sana.

Usitumie kamwe gunia au chombo kilichowahi kutiwa dawa ya kunyunyizia kahawa, hata kama kimeoshwa.

UZITO

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu mzima mwenye afya asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mtoto asibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mama mwenye kilo 60 atabeba kilo 12 tu, na mtoto mwenye kilo 30 atabeba kilo 3. Mizani ya kupimia kahawa au maziwa katika chama chenu cha ushirika yaweza kuwasaidia.

Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, nao hauchukuliki katika safari hii.

Tazama mfano wa shanta ya kilo 12:

Maji, lita 4: kilo 4
Chakula: kilo 2
Blanketi: kilo 2
Nguo za kubadili na sweta: kilo 1 na nusu
Dawa na sabuni: kilo 1
Sufuria ndogo, kisu na tochi: kilo 1
Karatasi na pesa: nusu kilo

Mama anayebeba mtoto mchanga mgongoni asipewe shanta. Mtu mwingine wa nyumba aibebe. Mama achukue mfuko mdogo wa kifuani wenye vitu vya mtoto tu.

VITU VYA KUTIA

Chakula. Kiwe cha siku tatu, tena kisichohitaji moto: njugu zilizokaangwa, biskuti, sukari. Unga ni mzuri, lakini hauliki mbichi, na kuni zitakuwa zimelowa.

Maji. Lita nne hazitoshi siku tatu. Kwa hiyo chukua pia dawa ya kusafishia maji, uitumie kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Maji ya mafuriko huchukua uchafu wa vyoo na dawa za mashamba. Mwezi wa Mei 2024, baada ya mafuriko, kipindupindu kilionekana katika kaunti ya Tana River. Ukipata moto, chemsha maji mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja nzima. Lakini maji yanayonuka dawa ya kunyunyizia au mafuta usiyanywe hata yakichemshwa, maana moto hauondoi sumu hiyo.

Dawa. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, au anayemeza dawa kila siku kwa ugonjwa wowote, aweke dawa za siku saba. Ongeza bendeji na pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Kama pakiti hizo hazipo, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kilima, katika lita moja ya maji safi.

Taa na sauti. Weka tochi na betri za akiba, kiberiti ndani ya kopo lenye kifuniko, na filimbi. Mtu aliyezingirwa na maji huchoka kupiga kelele, lakini kupuliza filimbi hakumchoshi upesi. Redio ndogo pia ni msaada mkubwa.

Pesa. Weka noti ndogo na sarafu. Pesa za simu ni nzuri, lakini simu huzima. Andika namba za jamaa zako katika karatasi.

Usafi. Weka sabuni, vitambaa vya wanawake, na nepi kama kuna mtoto.

KARATASI ZA SHAMBA

Jambo hili lawahusu ninyi watu wa skimu kuliko wengine. Wazee wengi walilipia mashamba haya kwa jasho la miaka, na watoto wao wanaogopa kuyaacha hata siku moja. Basi weka pamoja hati ya shamba au barua ya kugawiwa, risiti za mkopo, kitabu cha ushirika, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa.

Zifunge katika mfuko wa nailoni safi. Nailoni ya ndani ya yale magunia ya kuhifadhia mahindi yasiyopitisha hewa yafaa sana kwa kazi hii. Kunja mdomo wake mara tatu, ufunge kwa uzi. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu, na picha hizo apelekewe ndugu anayekaa mbali na mto. Siku ya kuondoka, karatasi hizi zivaliwe kifuani ndani ya nguo, maana shanta yaweza kupotea.

Na kama umeondoka bila karatasi? Usirudi. Shamba lako limeandikwa katika ofisi ya ardhi, na mto hauwezi kuifuta sehemu hiyo ya daftari. Hati ikipotea, mwenyewe hutoa habari polisi na kwa msajili wa ardhi. Tangazo huchapwa katika Gazeti Rasmi la serikali, na siku 60 zikipita bila mtu kupinga, hati nyingine hutolewa. Ni kazi na ni gharama, lakini yawezekana. Mtu aliyezama hana msajili wa kumwandikia mwingine.

NAMNA YA KUPANGA

Kwanza, tandika nailoni ndani ya shanta yote, ili maji yasiingie. Pili, weka blanketi na nguo chini kabisa, kwa kuwa hizo zitatumika mwisho. Tatu, weka vitu vizito, yaani maji na chakula, katikati, vikigusa mgongo wako. Vizito vikikaa nje huvuta mtu nyuma, akaanguka mteremkoni. Nne, weka juu kabisa tochi, filimbi na dawa, uweze kuvishika gizani bila kufungua vyote.

Ikiisha kupangwa, itundike kwenye msumari karibu na mlango. Weka viatu vigumu chini yake. Isifungiwe kabatini, wala asiazimwe mtu tochi yake.

SIKU YA KUONDOKA

Chifu au wazee wa Nyumba Kumi wakisema ondokeni, ondokeni. Usingoje kuona maji. Wafungue ng'ombe na mbuzi, uwaelekeze kilimani, maana mnyama aliyefungwa hufa kambani. Zima umeme na moto. Panda kwenye mgongo wa udongo mwekundu, mbali na bonde.

Usivuke maji yanayokwenda mbio. Maji ya sentimita 15 tu, yaani chini ya magoti sana, yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huchukua magari mengi. Ukihitaji msaada, piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

MAZOEZI

Jumapili moja jioni, mwambie kila mtu wa nyumba abebe mzigo wake. Tembeeni mpaka mahali mtakapokimbilia, mkihesabu dakika. Mzee akichoka nusu ya njia, mzigo ni mzito. Punguza palepale. Afadhali kujua Jumapili kuliko kujua usiku wa mafuriko.

Fungueni shanta mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kabla ya mvua ndefu na mwezi wa Septemba kabla ya mvua za vuli. Badilisheni maji, chakula, dawa na betri. Jaribuni nguo za watoto, maana watoto hukua.

Tahadhari kabla ya hatari. Shanta hutengenezwa jua likiwaka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kilima cha kukimbilia katika skimu yetu ni kipi, na njia ipi haipiti mtoni?
2. Ni nani katika jirani zetu hawezi kubeba shanta yake mwenyewe, na nani atambebea?
3. Katika nyumba yako, ni kitu gani kimoja ambacho kingekufanya urudi? Je, leo kiko wapi?