Kufundisha Somo la Safura

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, safura ilijadiliwa katika vikundi vilivyosikiliza redio. Mwalimu wa Murangi, kando ya Ziwa Victoria, naye aanze kwa majadiliano. Awaulize wanafunzi: "Anayenawa mikono daima, lakini hutembea pekupeku mahali watu wanapojisaidia ovyo, je, amejikinga?"

Wakishajibu, aeleze kuwa mayai yatokayo na kinyesi huanguliwa katika udongo wenye joto na unyevu. Viluwiluwi hupenya ngozi ya nyayo, hupitia mapafuni, na hatimaye hufika utumboni kunyonya damu. Dawa huua minyoo, bali pasipo choo na viatu itarudi.

Mtoto asinziaye darasani asikaripiwe kabla hajapimwa. Huenda amepungukiwa damu.