Njia ya Mkojo ya Mtoto Ikiziba Tumboni: Namna ya Kuzungumza na Wazazi

Ultrasaundi ikionyesha njia ya mkojo ya mtoto imeziba, usimpe mama habari hii akiwa bado amelala kitandani, jeli tumboni. Mwache avae, akae, na kama baba yuko nje aitwe. Taarifa iliyosikiwa na mmoja, tena nusunusu, ikifika nyumbani huzaa lawama.

Anza na maji ya uzazi. Tangu kama wiki ya 16, sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Njia ikiziba, kibofu huvimba, mkojo hurudi kwenye figo na maji hupungua. Wazazi huuliza zaidi habari za figo. Waeleze na mapafu, kwani pasipo maji ya kutosha hayakui vizuri na mtoto anaweza kuzaliwa asiweze kupumua. Ndiyo maana maji yakiwepo, waambie mapema. Ni habari njema kweli. Yakiwa yamekauka mapema katika mimba, usizungushe maneno: mtoto anaweza asiishi. Sema hivyo, kisha nyamaza. Waache walie.

Bila kungoja waulize, mwambie mama hakuna alichokula wala kazi aliyofanya iliyosababisha haya. Mara nyingi ni mtoto wa kiume, na kinachoziba ni vijikunjo vya utando vilivyoota ndani ya njia ya mkojo. Mume asikie kwa masikio yake.

Watauliza matibabu ya nje ya nchi. Upo mrija unaowekwa mtoto akiwa tumboni ili kuondoa mkojo kibofuni. Utafiti wa PLUTO, uliochapishwa mwaka 2013, ulipata wajawazito 31 tu. Ulionyesha dalili kwamba mrija huongeza nafasi ya kuishi, lakini watoto waliobaki na figo nzima walikuwa wachache mno. Familia ilijue hilo kabla ya kuuza shamba.

Mpangie mama ajifungulie hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, akiwa na majibu yote ya ultrasaundi. Mtoto atawekewa mpira wa mkojo, apigwe picha ya kibofu, kisha kizuizi kikatwe. Wasisitizie kwamba mtoto kukojoa si uthibitisho kuwa amepona. Mwenye kizuizi naye hukojoa. Hata baada ya upasuaji figo zinaweza kudhoofika miaka mingi baadaye, hivyo kliniki isikatizwe.

Kabla hawajaondoka, waandikie tarehe ya kipimo kinachofuata na namba ya simu ya mtu atakayepokea.