Pete ya Uchumba: Metali Ipi Ifaayo?

Wengi wetu twajifunza habari za metali katika somo la kemia, kisha mtihani ukiisha twaziacha humo humo darasani. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba elimu hiyo yaweza kumwokoa mtu asitupe pesa zake bure.

Sababu ya kuandika ni hii. Kaka yangu analima mahindi huko Ismani, Iringa, naye amemchumbia binti mmoja aliye muuguzi mjini Mbeya. Pesa alizo nazo za kununua pete zimetokana na magunia ya msimu mmoja, wala hana nyingine. Akaniuliza, "Wewe unayesoma kemia, ninunue pete ya metali gani?" Haya ndiyo niliyomjibu.

Kwanza, dhahabu. Kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini dhahabu si kitu cha mbali. Tangu miaka ya 1920 imechimbwa Lupa, wilayani Chunya, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko kuitafuta. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Chunya. Sifa kubwa ya dhahabu ni kwamba haishiki kutu. Lakini dhahabu tupu ni laini mno: makucha yanayoshika jiwe hupinda, na jiwe huanguka. Kwa hiyo sonara huichanganya na fedha na shaba. Atomu za metali hizi si za namna moja, basi tabaka zake haziwezi kuteleza kwa urahisi, na mchanganyiko huwa mgumu kuliko dhahabu yenyewe.

Kiasi cha dhahabu huhesabiwa kwa karati. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 18 ni asilimia 75, na chapa yake ni 750. Karati 9 ni asilimia 37.5, na chapa yake ni 375. Hii ya pili ni ya bei nafuu, ingawa mng'ao wake waweza kufifia kidogo kwa sababu ya wingi wa shaba. Iko pia dhahabu nyeupe. Hiyo mara nyingi hupakwa rodi, ambayo hulika baada ya muda ikahitaji kupakwa tena. Nyingine ina nikeli, na nikeli huwasha ngozi za watu wengine.

Pili, fedha. Ni nzuri na rahisi, lakini ni laini, tena huwa nyeusi ikikutana na salfa iliyomo hewani. Weusi huo huondoka kwa kusuguliwa.

Tatu, platini. Hiyo ni imara na haibadiliki, lakini ni ghali, tena huyeyuka kwenye nyuzi 1,768 za Selsiasi, hali dhahabu huyeyuka kwenye 1,064. Si kila sonara awezaye kuitengeneza ikiharibika.

Nne, chuma kisichoshika kutu. Ni kigumu na cha bei ndogo, ila kidole kikinenepa ni kazi kubwa kukipanua.

Sasa tazama hatari yenyewe. Wako wauzao shaba iliyochanganywa na zinki na kupakwa dhahabu juu, wakaiita dhahabu. Hapa fizikia yatusaidia. Tuseme pete isiyo na jiwe ina gramu 3.90 hewani, na ikitundikwa kwa uzi ndani ya maji mizani yaonyesha 3.65. Tofauti ni 0.25, basi ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.25. Gawanya 3.90 kwa 0.25, wapata 15.6, ambayo ni karibu na densiti ya dhahabu ya karati 18. Shaba na zinki ingalitoa kama 8.5 tu. Hata hivyo kipimo hiki hakitoshi peke yake, maana ziko metali nyingine nzito, kama tungsteni. Mwombe sonara aisugue pete kwenye jiwe la kupimia na kutia asidi, kisha akuandikie karati kwenye risiti.

Yatupasa pia kufikiri juu ya mkono utakaoivaa. Muuguzi hunawa mara nyingi na kuvaa glavu. Makucha marefu yatazichana. Klorini nayo huidhuru dhahabu iliyochanganywa, basi pete ivuliwe kazini. Kwa hiyo nilimshauri kaka achague dhahabu ya njano ya karati 9, yenye ukingo mfupi unaolizunguka jiwe pande zote. Ukingo huo hulilinda jiwe, hasa likiwa tanzanaiti, ambayo hupasuka kwa urahisi ikigongwa.

Na kama pesa hazitoshi, anunue fedha, amwambie mchumba wake waziwazi kuwa ni fedha. Wahenga walisema, vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza kwamba fedha ya kweli ni heri kuliko dhahabu ya uongo, kwa kuwa ndoa haifai kuanzishwa na kitu kilichofichwa chini ya rangi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne