Cheo Kimepanda, Furaha Imeshuka

Swali: Mimi ni karani wa uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Nimepandishwa cheo na mshahara, lakini naiendea kazi kwa moyo mzito. Je, nakufuru neema?

Jibu: Hasha, ndugu yangu. Frederick Herzberg, aliyewahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1959, alibainisha kwamba mshahara na masharti ya kazi, vikiwa duni, humuudhi mtu, na vikitengenezwa humwondolea udhia pasipo kumpa furaha, maana furaha hutokana na kazi yenyewe, kufaulu, kutambulikana na kuaminiwa dhamana. Nadhani zamani ulifuatilia kontena tangu hati ya shehena hadi lilipotoka getini, ukaiona kazi yako ikitimia. Leo watia saini kazi za wenzio, jambo lenye heshima lakini kavu. Muombe mkuu wako akuachie mafaili mawili matatu yaliyo magumu, uyashughulikie mwenyewe. Likizo nayo ichukue: sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 yakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiwemo, na simu ya ofisi haimo katika hesabu hiyo.