Dondoo muhimu: Kuanza chuo na kukimaliza

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na mwalimu wa Kondoa au Mpwapwa anaweza kusoma hapo bila kuacha kazi. Kwa kuwa anasoma kwa mbali, adui wake mkubwa ni upweke. Ajiunge mapema na kikundi cha masomo (hili lina uzito kuliko yote), afike kituo cha mkoa Dodoma kuonana na wahadhiri, na apakue masomo mtandao ukiwa mzuri.

Kwa aliye Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, mkopo wa masomo ukichelewa asikae kimya: aende dawati la mikopo.

Anayelemewa aombe kwa maandishi kuahirisha masomo. Kutoweka bila taarifa kunaweza kumfutia usajili.