Kahawa ya Ruiru na Istilahi za Kinga ya Mwili

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuzungumzia kundi la seli za kinga ambalo sayansi yenyewe imelitambua juzi tu. Suala hili si la maabara pekee. Mwanafunzi wa uuguzi mjini Thika husomea taaluma yake kwa Kiingereza, kisha wodini hutakiwa kumweleza kwa Kiswahili mama ambaye mwanawe anasumbuliwa na pumu. Aghalabu husema kwamba mwili una askari wanaopigana na viini vya maradhi, sitiari iliyozoeleka sana katika elimu ya UKIMWI. Mama naye ana haki ya kuuliza: mbona askari hao wanambana mtoto kifua ilhali hakuna adui?

Sehemu ya jibu imo katika seli limfoidi za kuzaliwa nazo. Seli hizi zina ukoo mmoja na limfosaiti T na B, lakini hazina vile vipokezi ambavyo T na B huviunda kwa kupangua na kupanga upya jeni zao, kila seli na chake. Hivyo hazisubiri kumtambua adui fulani kwa sura. Nyingi hukaa papo hapo zilipo, katika ngozi, mapafu na utumbo, zikisikiliza majirani. Seli za utando wa utumbo zinapobughudhiwa na minyoo hutoa protini za kuashiria hatari, mathalani interlukini 25 na 33. Kundi la pili la seli limfoidi huitikia kwa kutoa interlukini 13. Ute huongezeka, misuli ya utumbo hujikaza, na minyoo husukumwa nje. Mwitikio uo huo ukizuka mapafuni kwa sababu ya vumbi au chavua, njia za hewa hujaa ute na kubana. (Pumu ina visababishi vingine pia, ila hiki ni kimojawapo.) Anayetenda hapa, basi, si askari bali jirani aliyesikia kamsa, na kamsa huweza kupigwa pasipo mwizi.

Wanasayansi nao walitatizwa na majina. Mwaka 2010 maabara za Japani, Uingereza na Marekani zilizieleza seli za kundi hili la pili kwa majina matatu tofauti. Mfumo mmoja ulipendekezwa mwaka 2013, ukiwa na makundi matatu. Mwaka 2018 ukarekebishwa, yakawa matano. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, hivyo haiwezi kulaumiwa. Anayedhani kwamba vurugu za istilahi ni maradhi ya Kiswahili peke yake na atazame hapo.

Je, ziitwe seli za "kinga asilia"? Istilahi hiyo inapotosha, kwani katika masikio ya wengi "asili" na "asilia" huashiria mitishamba. Ruiru, mji ulio kati ya Thika na Nairobi, unatoa njia nyingine. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huko kilitoa aina iliyoitwa Ruiru 11, yenye ukinzani dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, yaani kuvu inayoozesha buni changa. Aina kongwe kama SL28 huhitaji kupuliziwa dawa ya kuvu mara kwa mara. Ruiru 11 huzaliwa na kinga yake. Mkulima aliyewahi kulipia dawa hizo hahitaji kufafanuliwa tofauti kati ya kinga ya kuzaliwa nayo na ile inayoletwa baadaye. Mlinganisho huu una mpaka wake: mmea hauna limfosaiti wala seli za ulinzi zinazosafiri, bali kila seli hujitetea.

"Seli limfoidi za kuzaliwa nazo" ni istilahi ndefu, lakini yafaa darasani. Wodini "seli za kamsa" yatosha. Mtoto mwenye pumu huweza kuandikiwa dawa ya kuvuta yenye steroidi. Kwa sitiari ya askari, dawa hiyo huonekana kama kumpokonya mtoto silaha, na mama huenda akaiacha kifua kinapotulia. Kwa sitiari ya kamsa, ataelewa kwamba inatuliza mtaa uliozoea kushtuka, ndiyo maana hutumiwa kila siku, hata siku ambazo mtoto anapumua vizuri.